Mteja anataka orodha ya leseni zote zilizomo kwenye programu ninayouza. Nimekuta GPL ndani. Nifanyeje?

#1 Kitasa

Wakuu habari.

Nina programu ya kompyuta ya ankara na stoo, nimeiandika mwenyewe na naiuza mwaka wa tatu huu. Mteja analipa, namsakinishia, yamekwisha. Sasa kajitokeza mteja mkubwa, na kabla hajasaini mwanasheria wake kaniandikia kwamba anataka orodha ya kila kipande ambacho sikukiandika mimi, pamoja na leseni yake.

Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Nimekesha. Vitegemezi, yaani maktaba za msimbo wa watu wengine, nilivyoviita mwenyewe ni kumi na tisa, lakini navyo vina vyake, na hivyo vina vyake tena. Jumla 214. Vingi vina leseni za masharti mepesi, MIT, BSD na Apache, hivyo sina wasiwasi navyo (au niwe nao?). Vinavyoninyima usingizi ni vitatu:

1. Maktaba ya kutengeneza PDF: GPL (ile leseni inayodai msimbo nao utolewe)
2. Maktaba ya madirisha na vitufe: LGPL (ndugu yake GPL aliye mpole zaidi)
3. Faili moja la kukagua msimbo pau. Nililitoa kwenye hazina ya msimbo ya mtu mtandaoni, halina leseni yoyote.

Swali langu: kwa kuwa nauza, je, nalazimika kuutoa msimbo wangu wote hadharani? Orodha inatakiwa Ijumaa.

#2 Mlinzi_wa_Zamu

Siti ya mbele nimeshaiwahi. Endeleeni.

#3 Baba_Kompaila

Ndugu, hiyo ya GPL itoe leo leo. GPL hairuhusu biashara, ni ya watu wa kujitolea na wanafunzi. Ukiuza tu umeshavunja.

#4 Nukta_Mkato

Mkuu namba 3, hapana. Kosa hili linarudi kila unapofunguliwa uzi wa leseni. GPL haijawahi kukataza kuuza. Toleo la 3 linasema waziwazi kwamba kila nakala unayotoa unaweza kuitoza bei yoyote au usitoze kabisa. Wala si GPL peke yake: leseni haiwezi kupitishwa na OSI, shirika linaloidhinisha leseni za chanzo huria (open source), kama inabagua matumizi ya biashara. Kipengele cha 6 cha ufafanuzi wao kinakataza kubagua fani yoyote ya kazi. Leseni ikiandikwa "si kwa biashara" ni hiari ya mwenye mali, ila isiitwe chanzo huria.

Sisi wa Kiswahili tulipaswa kulielewa hili kabla ya wengine, maana kwetu huru na bure ni maneno mawili, Kiingereza yote ni "free".

Kinachoiamsha GPL ni kusambaza, fedha haihusiki. Itumie ndani ya kampuni yako hadi uchoke, hudaiwi kitu. Mkabidhi mtu nakala, hata ya zawadi, masharti yanaanza. Kitasa anawapa wateja faili la kusakinisha, kwa hiyo anasambaza.

#5 Kitasa

Asante mkuu. Kumbe kinachoniponza ni kukabidhi, si kuuza. Na nikiihamishia kwenye seva yangu, wateja wakaingia kwa kivinjari?

#6 Fundi_Bomba

Kwa GPL ya kawaida hapo umetoka. Anayetumia programu yako kupitia mtandao hajapewa nakala. Ndilo tundu ambalo kampuni za mtandao zimepitia miaka yote, na AGPL ya Novemba 2007 iliandikwa kuliziba. Hakikisha hiyo maktaba yako haina A mbele.

#7 Baba_Kompaila

Nimekubali yaishe. Ila mbona nakumbuka kusoma kwamba Linux yenyewe, ule mfumo endeshi wa GPL, ilikataza fedha? Au nayo niliota?

#8 Nukta_Mkato

Hukuota. Leseni ya kwanza ya Linux, aliyoiandika mwanzilishi wake Linus Torvalds mwaka 1991, ilikataza kutoza fedha kwa kuigawa. Mwanzoni mwa 1992 aliiacha akahamia GPL. Kumbukumbu yako ni nzuri, imekosea leseni tu.

#9 Mvuvi_wa_Hitilafu

Turudi kwenye swali, maana Ijumaa haisubiri. Kitasa, msimamo wa FSF, shirika lililoandika GPL, ni huu: programu yako ikiiita maktaba ya GPL na zote mbili zikakaa kwenye kumbukumbu moja, zinapokezana kazi na miundo ya data, basi ni kitu kimoja. Kitu kimoja hicho chote kinatolewa kwa GPL. Ndiyo, pamoja na ankara zako na stoo yako.

Lakini soma vizuri neno "hadharani" uliloandika. GPL haikulazimishi kuweka msimbo mtandaoni dunia nzima ione. Unawapa uliowapa programu. Wateja wako wakiwa arobaini, ni hao arobaini.

#10 Nukta_Mkato

Marekebisho madogo kwa namba 9. Ukiwapa msimbo papo hapo pamoja na programu, ni hao arobaini, sawa. Ukichagua njia ya pili ya GPL 2, ile ya kuambatanisha ahadi ya maandishi inayodumu angalau miaka mitatu, ahadi hiyo ni kwa mtu yeyote atakayeomba. Wengi huchagua ahadi kwa uvivu halafu hushangaa barua zinatoka kwa watu wasiowajua.

Hao arobaini nao wana haki ya kuusambaza. Wa kwanza akiamua kuugawa bure, humzuii.

#11 Shoka_Butu

Mnamtisha mwenzenu bure. Maktaba ikiunganishwa kidainamiki, yaani faili lake liko pembeni na linaitwa programu inapoanza, hapo mimi sijanakili chochote cha mtu ndani ya kazi yangu. Msimbo wangu ni wangu. Hakimiliki inalinda kilichonakiliwa, hailindi kuitana. FSF wana maoni yao, maoni si sheria.

#12 Mvuvi_wa_Hitilafu

Maoni yao si sheria, na yako je? Unamkabidhi mteja kifurushi kimoja chenye faili lako na la maktaba, na lako haliwaki bila la kwao. Nenda kamwambie hakimu hivyo ni vitu viwili visivyojuana.

#13 Shoka_Butu

Nitajie kesi ambayo hakimu alisema kuunganisha kidainamiki pekee kunafanya kazi mbili kuwa moja. Nasubiri.

#14 Nukta_Mkato

Utasubiri sana, na Mvuvi naye akitafuta kesi iliyosema kinyume atasubiri vilevile. Iliyokaribia ilikuwa ya Christoph Hellwig, mmoja wa waandishi wa Linux, dhidi ya kampuni ya VMware kule Hamburg. Wengi tulitegemea mahakama ingegusa mpaka huo. Mwaka 2016 shauri likatupwa kwa sababu hakuthibitisha ipasavyo ni mistari ipi ni yake, na rufaa ya 2019 nayo ikashindwa kwa mtindo huohuo. Swali lenyewe likabaki mlangoni.

#15 Jicho_la_Ruta

Mimi niliwahi kufanya kazi kwa watengenezaji wa vifaa vya mtandao, siwataji. Ndani ya kifaa tuliweka Linux na BusyBox (mkusanyo wa amri ndogo, nao wa GPL), juu yake programu zetu. Msimbo wa GPL hakuna aliyeutoa kwa sababu hakuna aliyejua uko wapi: mkandarasi aliyetujengea alikuwa ameshaondoka na kompyuta yake. Barua ilipokuja tulitumia miezi kutafuta msimbo unaolingana sawasawa na toleo tulilouza. Kuutoa tulikuwa radhi siku nyingi. Hatukuwa nao.

Kwa hiyo Kitasa, chochote utakachoamua, hifadhi nakala ya msimbo wa kila maktaba, toleo lilelile, siku unapotoa toleo lako. Usitegemee kwamba utaukuta mtandaoni baada ya miaka miwili.

#16 Mlinzi_wa_Zamu

Si ndivyo FSF walivyoishtaki Linksys, watengenezaji wa ruta, mwaka 2003 hadi OpenWrt, mfumo huria wa ruta, ikazaliwa?

#17 Jicho_la_Ruta

Umechanganya miaka. Mwaka 2003 ilikuwa kelele za watumiaji waliogundua kuna Linux ndani ya ruta yao ya WRT54G, na kampuni ikautoa msimbo. OpenWrt ikaota hapo. Kesi ya FSF ilifunguliwa Desemba 2008 dhidi ya Cisco, waliokuwa wameinunua Linksys, ikamalizwa kwa makubaliano Mei 2009. Za BusyBox ni nyingine: zilianza 2007 na kampuni ya Monsoon Multimedia.

#18 Karani_Mstaafu

Wanangu, mnazungumza kana kwamba leseni ni mkataba. Leseni ni ruhusa. Mwenye mali amesema: pita shambani kwangu kwa masharti haya. Ukiyavunja hujavunja mkataba, umeingia bila ruhusa. Ndiyo maana kwenye Jacobsen na Katzer, mwaka 2008, ile ya programu za treni za kuchezea, mahakama ya rufaa ya shirikisho Marekani ilisema masharti ya leseni huria yanaweza kutekelezwa kwa sheria ya hakimiliki. Na kwa hoja hiyo anayeweza kumshtaki Kitasa ni mwenye maktaba ya PDF. Mteja hawezi.

#19 Fundi_Bomba

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hilo halijatulia. Kwenye Artifex dhidi ya Hancom, kesi ya programu ya Ghostscript, mwaka 2017 hakimu wa California alikataa kulitupa dai la kuvunja mkataba, akaliacha liendelee pamoja na la hakimiliki. Na Oktoba 2021 Software Freedom Conservancy, shirika la kutetea programu huria, wakaishtaki kampuni ya Vizio kuhusu runinga zake, hawakuja kama wenye msimbo. Walikuja kama wanunuzi wa runinga, wakidai GPL inampa mnunuzi haki ya kudai msimbo. Hoja hiyo ikishika, wateja wote wa Kitasa wana funguo.

Huko Ufaransa, kwenye shauri la Entr'Ouvert, wenye msimbo, na kampuni ya simu ya Orange, mabishano ya mkataba au hakimiliki yalichukua miaka zaidi ya kumi. Februari 2024 mahakama ya rufaa ya Paris ikaamua kwa hakimiliki na Orange wakaamriwa kulipa mamia ya maelfu ya yuro.

#20 Karani_Mstaafu

Marahaba. Ya Vizio naijua. Kudai si kushinda.

#21 Kitasa

Wakuu, nimerudi na habari mbaya. Nimefungua faili la leseni la ile maktaba ya PDF badala ya kusoma ukurasa wa mbele tu. Ni AGPL. Fundi_Bomba una mdomo.

Wenyewe wanauza pia leseni ya biashara. Nimewaandikia, wakanijibu kwa dakika kumi na moja. Sijawahi kujibiwa haraka hivyo nikiripoti hitilafu.

#22 Mlinzi_wa_Zamu

😂😂 Hitilafu hazina bajeti.

#23 Shoka_Butu

Usikimbilie kulipa. Soma kifungu cha 13 cha AGPL: wajibu wa kuwapa msimbo watumiaji wa mtandaoni unamhusu aliyeibadilisha programu. Kama umeiweka ilivyo kwenye seva, hujagusa hata nukta, hakuna unachodaiwa.

#24 Mvuvi_wa_Hitilafu

Na leseni hiyohiyo inaeleza "kubadilisha" kuwa ni kunakili kutoka kwenye kazi au kuirekebisha kwa namna inayohitaji ruhusa ya mwenye hakimiliki, isipokuwa kutoa nakala ileile kamili. Ukiishona kwenye programu yako wapo watakaosema umeshaibadilisha. Tumerudi kwenye mpaka uleule. Google wamekataza AGPL ndani ya kampuni yao, na wanasheria wanao wa kutosha. Halafu Kitasa bado anasakinisha kwa wateja, kwa hiyo hata kifungu cha 13 hatujakifikia: kusambaza peke yake kunatosha.

#25 Mama_Terminali

Naona mmesahau njia ya tatu. Sisi kazini programu yetu haiiiti maktaba. PDF inatengenezwa na programu ndogo inayojitegemea: inapokea faili la maandishi, inatoa PDF, inakufa. Tunaiita kwa mstari wa amri. Hiyo ndogo ni ya GPL yote, msimbo wake tunaambatanisha, na kubwa ni yetu. Hata FSF wanasema programu zinazozungumza kwa mabomba (njia za kupitisha data kati ya programu) na amri kwa kawaida ni programu mbili tofauti.

#26 Mvuvi_wa_Hitilafu

"Kwa kawaida." Wanaongeza kwamba mazungumzo yakiwa ya ndani sana, mkapokezana miundo tata ya data, inaweza kuhesabiwa moja. Ila kwa faili linaloingia na PDF inayotoka, hata mimi nisingebisha sana.

#27 Shoka_Butu

Mvuvi kakubali jambo. Wekeni alama ukurasa huu.

#28 Nukta_Mkato

Kuhusu kitu chako cha pili, LGPL. Utaambiwa ni lazima uunganishe kidainamiki. Si lazima. Kinachotakiwa ni mteja aweze kuibadilisha maktaba ile kwa toleo alilorekebisha mwenyewe. Dainamiki ndiyo njia rahisi. Ukiunganisha kistatiki, yaani maktaba ikaingia ndani ya faili lako, unampa faili za obijekti (vipande vya programu yako kabla ya kuunganishwa) ili aunganishe upya. Sasa nenda kasome mkataba wako wa mauzo. Nina hakika uliunakili mahali na una kifungu kinachomkataza mteja kuchunguza programu kwa kuirudisha nyuma (reverse engineering). LGPL inakutaka uruhusu hilo kwa ajili ya kurekebisha hitilafu za mabadiliko yake. Kifungu chako kinagongana na leseni, na mwanasheria makini atakiona.

#29 Kitasa

Kifungu 7(c). Nilikinakili. Aibu yangu.

#30 Baba_Kompaila

Na Apache? Nilisikia inaoana na GPL bila shida.

#31 Nukta_Mkato

Apache 2.0 ya Januari 2004 inaoana na GPL 3. Na GPL 2 pekee, FSF wanasema haioani, kwa sababu ya masharti ya hataza. Kama msimbo umeandikwa "toleo la 2 au la baadaye" unahamia la 3 na tatizo linakwisha. Kwa hiyo angalia kichwa cha faili, usitosheke na jina. Pia kazi ya Apache ikiwa na faili la NOTICE, matangazo yake lazima yasafiri na programu. Na MIT ambayo watu huiona haina sharti, inalo: tangazo la hakimiliki na maandishi ya ruhusa viende na kila nakala. Kitasa, kwenye programu yako kuna mahali mteja anaweza kuyasoma hayo ya zile 200?

#32 Kitasa

Hakuna. Kuna dirisha la "Kuhusu" lenye jina langu na picha ya kufuli.

#33 Mlinzi_wa_Zamu

Picha ya kufuli kwenye chanzo huria. Nimekufa.

#34 Seva_Pweke

Mimi hofu yangu iko kwingine. Unaweza kufuata kila sharti leo, kesho mwenye mradi akabadilisha leseni. Wamefanya hivyo wenye hifadhidata ya MongoDB 2018, injini ya utafutaji ya Elasticsearch 2021, HashiCorp (wenye Terraform) Agosti 2023, na hifadhidata ya Redis Machi 2024. Tulijenga juu ya Redis tukijua ni BSD.

#35 Fundi_Bomba

Toleo ulilonalo chini ya BSD linabaki BSD, hakuna wa kukunyang'anya. Kinachobadilika ni matoleo yajayo. Wengine huchukua toleo la zamani wakaliendeleza kwa jina jipya: ndivyo Valkey ilivyotoka Redis, OpenTofu ikatoka Terraform, OpenSearch ikatoka Elasticsearch. Baadaye Elastic waliongeza AGPL 2024, na Redis nao 2025. Wameifanya AGPL mlango wa kurudi nyumbani.

#36 Seva_Pweke

Kubaki BSD bila mtu wa kuziba mianya ya usalama ni sawa na kubaki na gari lisilo na fundi. Lakini nimekuelewa.

#37 Karani_Mstaafu

Nilipokuwa kazini tulikataa maktaba moja ya JSON (mtindo wa kuandika data) kwa sababu leseni yake ilisema itumike kwa mema, isitumike kwa maovu. Vijana walicheka. Nikawauliza: nani atatia sahihi kwamba kampuni hii haitatenda ovu? Kikao kikanyamaza.

#38 Mama_Terminali

😂 Mzee, hiyo ni leseni ya Douglas Crockford, mwandishi wa maktaba hiyo. FSF wenyewe wanaihesabu si huru kwa sababu ya sentensi hiyo moja.

Nyie wenye wanasheria wa namna hiyo mkitumia hifadhidata ya SQLite, iliyoachwa iwe mali ya umma, wenyewe wanakuuzia cheti cha kuthibitisha umiliki. Kitu cha bure, unanunua karatasi ili mwanasheria alale.

#39 Baba_Kompaila

Na msimbo ulioandikwa na akili bandia una leseni gani? Nusu ya wangu wa mwaka huu umetoka huko.

#40 Nukta_Mkato

Fungua uzi wake. Huu umeshabeba vya kutosha.

#41 Kitasa

Mrejesho wakuu. Ijumaa imepita.

Nilifuata njia ya Mama_Terminali, nikaitenga PDF. Nilipata maktaba nyingine ya MIT inayotosha kwa ankara, kwa hiyo ya AGPL imetoka kabisa. Dirisha la "Kuhusu" sasa lina kitufe cha leseni. Kifungu 7(c) nimekirekebisha. Nilijiandaa kujibu maswali ya GPL usiku kucha.

Mwanasheria hakuuliza hata moja. Alienda moja kwa moja kwenye namba 3, lile faili la msimbo pau lisilo na leseni. Anasema vingine vyote vina ruhusa yenye masharti, hiki hakina ruhusa kabisa. Nikamwambia mwenyewe ameliweka wazi mtandaoni, kila mtu analiona. Akanijibu kwamba kuona si kuruhusiwa. Nimemwandikia mwenye hazina, kimya. Mchango wake wa mwisho kwenye hazina ni wa miaka sita iliyopita.

#42 Karani_Mstaafu

Mwanasheria yuko sawa. Hakimiliki inaanza kazi inapoandikwa, haisubiri tangazo.

#43 Shoka_Butu

Hata mimi hapo sina la kubisha. Kukagua msimbo pau ni hesabu ya tarakimu, kanuni inajulikana. Liandike upya bila kulifungua lile la kwake.

#44 Kitasa

Nimeshalisoma mara mia, ndilo tatizo. Namwomba mdogo wangu aliandike, yeye hajawahi kuliona.

Basi, kwa hilo orodha imefungwa. Nawashukuru wote.

#45 Mama_Terminali

Hongera. Fonti ulizoweka ndani ya kifurushi umeziorodhesha?

#46 Kitasa

Fonti zipi?

#47 Mama_Terminali

Zinazoandika zile ankara zako.

#48 Mlinzi_wa_Zamu

Narudi kwenye siti yangu.